Kopo, Ndoo na Mbege: Shajara ya Hereford

Jumamosi, 14 Septemba 2024

Mzigo umefika asubuhi. Ndani ya boksi mna ndoo ya plastiki ya lita 30 yenye mfuniko na koki, kizibo chenye kijibomba cha kupitishia hewa, haidromita, kipimajoto cha kubandika, mwiko mrefu wa plastiki, mpira wa kuhamishia pombe, pakiti ya dawa ya kusafishia vyombo, na kopo zito lenye shira nyeusi ya kimea. Chini ya mfuniko wa kopo kuna kijifuko cha hamira, gramu chache tu. Maelezo ni ukurasa mmoja. Yanaahidi painti 40 za bia, yaani lita 23.

Baba watoto kauliza, ndiyo yote? Nikamwambia ndiyo yote. Yeye ni mtu wa Dodoma, haoni ajabu. Mimi niliyekulia Marangu, ambako mbege, pombe yetu ya ndizi, huanza na ulezi kulowekwa siku nyingi kabla mtu hajafikiria kunywa, ukurasa mmoja unanitia shaka.

Nitaandika humu kila hatua. Mama hakuandika chochote, kila kitu alikihifadhi mikononi. Mikono yangu imefundishwa kazi nyingine.


Jumapili, 15 Septemba

Baada ya kanisa. Kuosha kumechukua muda kuliko kupika. Ndoo, mwiko, mfuniko, kizibo, haidromita, hata mkasi wa kukatia kijifuko: vyote vimepita kwenye dawa. Sababu naielewa. Shira ikishachanganywa na maji haichemshwi tena, kwa hiyo kijidudu chochote kitakachotangulia hamira kitakuta meza imeandaliwa. Louis Pasteur aliliandikia jambo hili kitabu kizima kuhusu bia mwaka 1876: bia inayoharibika imeingiliwa na vijidudu vingine, haijalaaniwa na mtu.

Hatua zenyewe:

Kopo likae kwenye maji ya moto hadi shira ilainike. Mimina ndani ya ndoo pamoja na lita tatu na nusu za maji yaliyochemka na kilo moja ya sukari. Koroga hadi chini kusibaki kitu. Jaza maji baridi hadi alama ya 23. Joto likiwa nyuzi 20 au karibu na hapo, nyunyiza hamira. Funika. Tia maji kidogo kwenye kijibomba ili hewa itoke isiweze kurudi.

Kabla ya hamira, haidromita. Kwenye maji matupu inazama hadi 1.000. Sukari inaisukuma juu. Leo imesimama 1.040. Hamira itakapoila sukari, kipimo kitashuka, na tofauti ya namba mbili ndiyo itakayonipa kilevi. Nimeonja kijiko kimoja: tamu, nzito, na uchungu unakuja nyuma. Kwa sasa ni togwa tu.


Jumatatu, 16 Septemba

Nimempigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mnaendeleaje na baridi?"

Nikamweleza habari za kopo. Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kunihoji.

"Hiyo shayiri nani aliiotesha?"

"Kiwanda, mama."

"Nani aliianika?"

"Kiwanda."

"Na kuchemsha?"

"Hao hao."

"Sasa wewe umefanya nini?"

"Nimeosha ndoo, nimekoroga."

Akacheka hadi simu ikakwaruza. "Basi hiyo ni pombe ya mtu, wewe umeipa nyumba tu."

Hakukosea. Nimesoma jinsi shira inavyotengenezwa. Shayiri inalowekwa, inaachwa iote, inakaushwa kabla chipukizi halijala akiba yote ya punje. Inapondwa, inaloweshwa kwenye maji ya nyuzi 65 hivi, na vimeng'enya vilivyoamka wakati wa kuota vinaukata wanga kuwa sukari. Maji hayo matamu yanachujwa, hopsi inaingizwa kwa ajili ya uchungu, kisha maji mengi yanavukizwa hadi kubaki shira.

Mama naye huloweka ulezi, huufunika kwa majani ya mgomba uote, huuanika, huusaga. Uji wa kimea hicho ndio unaokwenda kukutana na maji ya ndizi zilizochacha. Vimeng'enya ni vilevile. Hata uchungu upo: sisi tunatumia gome la msesewe, wao maua ya mhopsi. Tofauti ni kwamba katika kopo kazi ya wiki nzima imeshafanywa na watu nisiowajua, na mimi nimelipia mapumziko yangu.


Jumatano, 18 Septemba

Povu la rangi ya kahawia limepanda vidole vinne. Kijibomba kinabwatabwata usiku, mtoto mdogo kauliza kama kuna chura chumbani.

Nyumba hii ni baridi. Kipimajoto kimeshuka hadi 16, kwa hiyo ndoo nimeihamishia kwenye kabati la tangi la maji moto. Kwenye kopo wameandika lager, lakini makopo mengi ya namna hii yanakuja na hamira ya ale, ambayo hupenda nyuzi 18 hadi 22. Lager ya kweli hutaka hamira nyingine na baridi ya wiki nyingi. Emil Christian Hansen ndiye aliyetenga hamira moja safi katika maabara ya Carlsberg, Copenhagen, mwaka 1883. Kabla yake wapikaji wa Ulaya walikuwa wanahamisha machicha ya pipa hili kwenda pipa lile bila kujua ndani yake mna nani na nani. Mama bado anafanya hivyo, na pombe yake inatoka vilevile kila mara. Pipa lake lina watu wake.


Jumamosi, 28 Septemba

Haidromita imesoma 1.010 siku tatu mfululizo. Imetulia. Hesabu: 1.040 toa 1.010 ni 0.030, zidisha kwa 131.25, ni karibu asilimia 3.9.

Leo kutia chupani. Mpira wa kuhamishia unaachwa juu ya mashapo usije ukayavuta. Kila chupa ya nusu lita inapewa nusu kijiko cha chai cha sukari, kisha inafungwa. Hamira chache zilizobaki zitaila sukari hiyo na hewa haitakuwa na pa kutokea, ndipo bia inapopata mapovu.

Jirani wa nyumba ya pili, mzee mstaafu ambaye amekuwa akitengeneza vinywaji kwake tangu ujana, alikuja kuangalia. Kanionyesha kovu dogo kwenye kiwiko. Miaka iliyopita alifunga bia ambayo haijamaliza kuchacha, na chupa zikaanza kupasuka usiku mmoja baada ya nyingine kwenye gereji. Alipoingia asubuhi kuzitoa, moja ilikuwa inamsubiri. "Haidromita si ya kupimia ulevi," kasema. "Ni ya kukulindia macho."

Nimeliwaza neno hilo jioni nzima. Mbege haikupata kunilazimisha kupima, kwa sababu mbege haifungwi. Inanywewa ikiwa bado inachacha, siku ile au ya pili yake, na inayobaki inageuka kuwa kali hadi haifai. Kipimo ni cha pombe inayokusudiwa kuwekwa.


Jumapili, 6 Oktoba

Boksi la pili: mvinyo mwekundu, chupa sita. Juisi ya zabibu iliyopunguzwa maji imo kwenye mfuko. Inamiminwa ndani ya chupa kubwa ya kioo ya lita 4 na nusu, inaongezwa sukari, maji na hamira. Kuna vijifuko vingine vyenye namba vya kutumia baadaye. Haidromita 1.085.

Shemeji kapiga simu kutoka Dodoma wakati naandika. Alipoelewa ninachofanya alihuzunika kabisa. "Shemeji, zabibu ziko hapa Makutupora tunavuna mara mbili kwa mwaka, wewe unanunua zabibu zilizokamuliwa maji, halafu unazirudishia maji ya bomba?"

Nimemwambia anitumie kreti kwa ndege. Kaniaga.


Jumamosi, 19 Oktoba

Chupa ya kwanza ya bia imefunguliwa. Ina povu, ina rangi, ni safi. Ladha ni nyepesi, na mwishoni kuna kitu chembamba, kana kwamba mwili wa bia umekatika kabla ya kumeza. Jirani kasema ni ile kilo ya sukari nyeupe. Sukari ya dukani inaliwa yote na hamira, inaacha kilevi bila kuacha uzito. Nikitumia unga mkavu wa kimea badala yake, bia itajaa mdomoni. Inagharimu zaidi kidogo. Nimeandika pembeni kwa wino mwekundu.

Kanisimulia pia habari za sheria. Uingereza ilikuwa na leseni ya kupika bia nyumbani tangu 1880. Waziri wa fedha Reginald Maudling aliifuta katika bajeti ya 1963, na miaka michache baadaye vifaa hivi vikawa vinauzwa hata kwenye maduka ya dawa. Marekani walichelewa zaidi. Wakati wa marufuku ya pombe, kuanzia 1920 hadi 1933, makopo ya shira ya kimea yaliuzwa madukani kwa jina la kiungo cha kuokea mikate, na kila muuzaji alijua mkate gani. Marufuku ilipoisha, bia ya nyumbani ilisahauliwa kwenye sheria hadi Rais Carter aliposaini ruhusa mwaka 1978.

Kwa hiyo kopo lina umri mkubwa kuliko boksi lake.


Jumapili, 20 Oktoba

Bustani ya matufaha ya ndugu yake jirani, nje kidogo ya mji. Huku Herefordshire matufaha ya pombe yana majina yake na hayaliwi: Kingston Black, Dabinett, Foxwhelp. Nimeuma Dabinett moja, ulimi ukakauka papo hapo. Ukakasi huo ndio unaoipa saida, pombe ya matufaha, mgongo. Katika kiwanda cha zamani cha Bulmer, kampuni iliyoanzishwa na kijana Percy Bulmer hapa mjini mwaka 1887, sasa kuna makumbusho ya saida, na humo niliwahi kuona picha za matufaha zilizochorwa na Alice Ellis na Edith Bull kwa ajili ya kitabu kikubwa cha matunda ya mkoa huu. Kila tufaha limechorwa na madoa yake, halikupambwa.

Tumeokota kwenye majani yaliyolowa, tumeosha, tumesaga kwa mashine ya mkono, tumekamua. Kilo 10 zinatoa lita 5 au 6. Haidromita 1.052, bila chembe ya sukari ya kuongeza. Kwa kila chupa kubwa kidonge kimoja cha salfaiti cha kutuliza vijidudu vya porini, kisha kungoja siku nzima kabla ya hamira. Jirani yeye hatii kidonge wala hamira. Anaziachia zile zilizokuja na ganda. Mapipa yake yanaanza polepole na hayana haraka ya kumaliza.

Boksi la saida lipo pia dukani, shira ya matufaha kwenye mfuko. Nitalitengeneza wiki ijayo ili niweze kulinganisha.


Jumamosi, 2 Novemba

Mvinyo umetulia 0.992. Karibu asilimia 12.

Vijifuko vyenye namba: cha kwanza kinazuia hamira isianze tena, kisha chupa inatikiswa sana hewa itoke, kisha dawa za kuangaza. Dawa hizo huvuta chembe zinazoelea na kuzishusha chini. Moja imetokana na maganda ya kamba, hivyo mtu mwenye mzio wa kamba aambiwe kabla ya kumiminiwa. Nyingine ya zamani, inayotumika kwenye bia, hutengenezwa kwa kibofu cha samaki kinachomsaidia kuelea. Hapo nimesimama: hayo ni mabondo! Mwanza tuliyaona yakianikwa yametolewa kwenye sangara, yanauzwa kwa bei inayozidi minofu, na sisi tukijiuliza wageni wanayafanyia nini. Mengi huenda Asia kwa supu. Lakini kumbe hata bia ya Mzungu iliyong'aa kwenye glasi inaweza kuwa imepita kwenye tumbo la samaki.

Mbege haiangazwi. Ikikosa machicha hatuiamini.


Jumapili, 24 Novemba

Watanzania wa Birmingham wana sherehe ya ubatizo mwezi ujao. Dada mmoja kanipigia: "Tumesikia una kiwanda. Tuuzie chupa 40." Nimecheka, nimekataa. Sheria ya huku inakuruhusu kupika kwa matumizi yako mwenyewe bila ushuru. Ukiuza hata chupa moja, wewe ni mfanyabiashara wa pombe na unahitaji kibali na kulipa kodi. Na kuchemsha pombe upate kali ya gongo hairuhusiwi bila leseni hata kama ni ya kujipaka. Nimemwambia nitakuja na zawadi, si na mzigo. Akasema, "Zawadi ya chupa 40 pia tutaipokea."


Ijumaa, 17 Januari 2025

Usiku wa kuyatakia heri matufaha. Watu wamekusanyika bustanini gizani na mienge, wamepiga masufuria kufukuza mabaya, wametundika vipande vya mkate uliolowekwa kwenye matawi, wamemimina saida kwenye mizizi ya mti mkongwe. Kila mtu amevaa makoti matatu na anacheka.

Mimi sikucheka sana. Nimekwisha kumwona babu akimimina mbege chini kihambani kabla ya kuonja mwenyewe, akiwataja waliomtangulia. Hawa wanamwita mti, yeye aliwaita watu. Lakini wote wanaanza kwa kumpa aliye chini ya ardhi.


Jumamosi, 8 Machi

Ndoo ilikuwa tupu, nami nilikuwa na hamu.

Ulezi nimeupata duka la Wahindi, punje nzima. Nimeuloweka, nimeuotesha kwenye trei chini ya taulo, nimeukausha kwenye oveni kwa joto la chini kabisa, nimeusaga. Ndizi ni zile za supermaketi, zilizoiva hadi madoa meusi. Zimechemka saa nyingi hadi zikawa nyekundu, kisha zimekaa kwenye ndoo siku kadhaa, zimechujwa, na jana jioni nikaingiza uji wa kimea uliopoa. Msesewe sina. Nimeweka hopsi kidogo sana iliyochemshwa pembeni.

Asubuhi nimechovya haidromita. Imesimama tu, haiendi juu wala chini, imebanwa na unga. Namba yake haina maana humo. Nikafanya alichokuwa akifanya mama: nikateka, nikapuliza povu pembeni, nikaonja, nikangoja, nikaonja tena mchana. Saa kumi ilikuwa tayari. Nilijua kwa ulimi, na sikuwa na kingine cha kujulia.

Wamekuja watu tisa. Jirani kaishika bilauri kwa mikono miwili, kaangalia ule uzito, kauliza itakaa siku ngapi. Nikamwambia haikai. Kaitika kwa kichwa, kaongezewa. Saa tatu usiku ndoo ilikuwa imekauka na hakuna aliyelewa hadi kukosa njia.

Mama kwenye simu: "Hiyo sasa ni yako. Ila hopsi zako sizijui."


Jumamosi, 10 Mei

Saida zimelinganishwa, baba watoto, jirani na mimi, glasi bila majina.

Ya boksi: tamu, harufu ya matufaha iko wazi, inaisha mdomoni upesi. Ilikuwa tayari kabla ya Krismasi na haijabadilika tangu hapo. Ya bustani: kavu kabisa, asilimia 6.8, ina ukakasi na kitu laini ambacho hakikuwepo Februari. Jirani anasema wakati wa maua ya matufaha bakteria wengine huamka ndani ya chupa na kuigeuza asidi kali kuwa ile laini, inayopatikana pia kwenye maziwa mgando. Wote watatu tumechagua ya bustani. Baba watoto kaongeza kwamba ya boksi ingefaa kwa mgeni aliyekuja ghafla.

Hukumu ya mwaka, kwa ajili ya Septemba ijayo:

Ndoo, haidromita, mpira na dawa ya kuoshea vimestahili kila senti. Vitunzwe.

Kopo la bia linunuliwe mara moja tena, na unga wa kimea badala ya sukari. Ni shule nzuri: linamfundisha mtu usafi na subira, kwa sababu kazi nyingine zote limezificha. Anayetaka kuziona kazi hizo aanze na punje.

Mvinyo wa mfuko, hapana. Shemeji alikuwa na haki.

Saida, matufaha ya bustani tu, na miezi isihesabiwe.

Mbege, kila mara kutakapokuwa na watu wa kutosha kuimaliza siku ileile. Wasipotosha, usipike.